Sahihi Zilizopigwa Mstari Mwekundu

Missoula, Montana
12 Januari 2004

Mdogo wangu Orrin,

Habari za huko Sorrel? Huku theluji imefika dirishani, lakini mabomba ya maji hayajapasuka, kwa hiyo silalamiki. Msalimie wifi yangu Darlene, mwambie zile soksi za sufu nazivaa hadi kitandani. Najua Krismasi ilipita bila lefse zangu, na najua ulinung'unika, maana tangu utotoni ukizikosa chapati hizo za viazi unakaa mezani umevimba kama aliyefiwa. Mwaka huu sikuzipika. Sikupata nafasi, na tuyaache hayo.

Usishangae barua kuja kwa taipu. Hii ni taipureta ya Imogen Pascoe, mwenzangu wa zamani wa shuleni, ninayekaa kwake tangu Oktoba. Unajua kwamba anaumwa. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ulianza miguuni na sasa unapanda mikononi. Kuna siku anashika kikombe, kikombe kinakataa kutulia. Ndiyo maana niko hapa na nyumba yangu huko imefungwa. Ila nitarudi, kura yangu bado ni ya Sorrel, na ng'ombe wa jirani wasijizoeshe bustani yangu.

Sasa jambo lenyewe. Imogen anavuta bangi. Nimeliandika wazi ili usiseme nilikuzungusha. Vidonge vya daktari vilimlaza kutwa nzima, mate yanamtoka, hajui leo ni Jumatatu au Alhamisi. Bangi kidogo baada ya chai, misuli inaachia na anashuka ngazi kwa miguu yake. Kwa hilo sheria ya jimbo letu inamwita mhalifu. Mwanamke aliyefundisha nyimbo za Jumapili miaka thelathini!

Tuko watu kumi na wanne. Kila Jumanne tunakutana jikoni: wagonjwa, wake wa wagonjwa, na muuguzi mmoja mstaafu mwenye mdomo mchafu kuliko dereva wa lori. Tunakusanya sahihi ili jambo hili liende kwenye kura ya Novemba, wananchi waamue kama mgonjwa mwenye karatasi ya daktari aachiwe mmea wake. Zinatakiwa sahihi za kutosha jimbo zima, na za kutosha pia wilaya kwa wilaya. Wenzangu wanasema Sorrel tuisahau, kule watu ni wa kanisani na wa ng'ombe. Nikawaambia, mimi ni nani basi? Mimi ni wa kanisani na wa ng'ombe.

Naomba utubandikie tangazo moja tu kwenye ubao wa ofisi yako. Wewe unajua Baba alivyokufa. Sisemi zaidi.

Dada yako,
VERNA TVEIT

*

Sorrel
2 Februari 2004

Dada Verna,

Salamu zako tumezipokea. Darlene hajambo isipokuwa goti. Ndama kumi na mmoja wamezaliwa mpaka sasa. Mmoja tumemweka kwenye beseni la kuogea kwa ajili ya baridi, na Darlene amesema ama ndama atoke ama yeye. Tanuri la kupasha kanisa joto limeharibika. Mchungaji anahubiri na koti, tena kwa kifupi sana, na waumini wengine wameanza kuomba lisitengenezwe.

Tangazo, hapana. Verna, umesahau kazi yangu? Mimi ndiye karani wa uchaguzi wa kaunti hii. Karatasi zenu zikikusanywa, zinakuja mezani kwangu. Kila sahihi naichukua, naitoa kadi ya mpiga kura kwenye droo, naziweka bega kwa bega. Zikifanana, naweka alama. Zisipofanana, napiga mstari mwekundu. Niliapa hivyo mwaka 1991, mkono juu ya Biblia ya Baba. Sibandiki tangazo la mtu yeyote, hata la wauza biskuti. Na usiniulize nitapiga kura gani. Darlene mwenyewe hajui, na yeye anajua mpaka idadi ya meno yangu.

Ila kama ndugu nitasema. Mnatafuta matatizo. Leo ni mgonjwa na karatasi ya daktari, kesho ni kila mtu na karatasi ya mtu yeyote. Namwonea huruma Imogen, lakini bangi ni bangi. Na Baba mwache apumzike.

Halafu hiyo taipu. Barua yako imekaa kama ya watu wa kodi, hata jina umelipiga kwa mashine. Wewe! Wewe uliyenichapa vidole kwa rula kwa sababu ya mkia wa herufi g! Nusu ya kaunti hii uliifundisha shuleni, inaandika mwandiko wako. Ninapokagua kadi naona mikia yako kila mahali, ya wafuga ng'ombe, ya wauza mbegu, ya mganga wa mifugo. Niandikie kwa mkono, niione na mimi.

Mdogo wako,
Orrin

*

Missoula
21 Machi 2004

Orrin,

Natumaini ndama ametoka kwenye beseni na Darlene amebaki. Nimechelewa kujibu. Imogen alianguka bafuni mwezi uliopita, tukawa na siku za hospitali. Sasa hajambo. Ana alama ya kijani kwenye nyonga yenye umbo la ramani ya jimbo zima.

Barua ya mkono utaipata siku nikiwa na nafasi.

Kazi yetu inakwenda, na inakwenda Sorrel, upende usipende. Unamkumbuka Dewey Stroud? Yule aliyerudi kutoka Vietnam, kisha mwaka juzi kiharusi kikamlaza mkono wa kulia. Anaendesha gari kwa muda wa saa tatu kuja kwenye mkutano wetu wa Jumanne, anachukua karatasi, anarudi nazo huko na kusimama mlangoni pa duka la chakula cha mifugo. Alitusimulia mpaka nikalia kwa kicheko. Anasema alikuja mfugaji mmoja, jina simtajii mtu wa serikali, akauliza:

"Hii ndiyo ile ya bangi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Ya wagonjwa tu?"

"Wagonjwa tu, na daktari aandike."

"Lete kalamu. Mgongo huu umeniua. Na ukimwambia mke wangu nitakupiga risasi."

Akasaini, akaenda kupakia magunia. Kabla hajawasha gari, mkewe akatokea upande wa pili wa duka, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Nipe na mimi hapo, Dewey. Na ole wako umwambie mume wangu."

Mzee Haugen naye amesaini, aliyetufundisha hesabu wote wawili. Anatetemeka siku hizi mpaka meno ya bandia yanagongana. Dewey anasema alitoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, akachukua dakika mbili nzima, na alipomaliza akasema, "Hiyo ni yangu, na asinishikie mtu mkono."

Sasa nisikilize. Unasema Baba apumzike. Sawa, lakini kuna jambo nimelibeba miaka kumi na mitatu. Lile kopo la bluu la tumbaku, lililokuwa chini ya kitanda chake mwaka ule wa saratani, nililileta mimi. Ndani haikuwa tumbaku. Nilipewa na mwanamke wa hapa Missoula aliyekuwa na saratani ya titi, akanigawia ya kwake. Unakumbuka Baba alivyokuwa akitapika hata maji? Siku ile alivuta kidogo, akakaa, akaniambia, "Verna, hivi mikate ya sufuriani tunayo?" Alikula mitatu akaomba siagi. Wiki tatu alikula, Orrin. Wiki tatu alitaniana na mbwa.

Kisha nikaja Jumapili moja, kopo halipo. Nikamuuliza. Akaniambia tu, "Imetosha, mwanangu." Hakula tena. Alikufa siku ya kumi na tisa baada ya Jumapili hiyo, na paja lake ningeweza kulizungusha kwa vidole vyangu. Mpaka leo sijui kwa nini aliacha. Nilidhani alimwogopa Mungu. Nimemkasirikia Mungu kwa ajili hiyo muda mrefu.

Basi usiniambie bangi ni bangi.

VERNA

*

Sorrel
28 Mei 2004

Dada,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Tulikuwa na uchaguzi wa bodi ya shule na majani ya kukata. Darlene amefanyiwa upasuaji wa goti, anatembea kama bata lakini anatembea. Tanuri limetengenezwa, na mahubiri yamerudi urefu wake wa zamani.

Karatasi zenu za Sorrel zimeletwa. Zina sahihi mia nne thelathini na moja. Nimezikagua zote mwenyewe, sikumpa msaidizi. Kumi na tisa si wapiga kura wa hapa au wamesaini mara mbili. Thelathini na nane nimezipiga mstari kwa sababu mwandiko haufanani na kadi. Zimebaki mia tatu sabini na nne, na wilaya yetu ya uchaguzi inataka mia nne. Zimepungua ishirini na sita. Nakwambia kwa sababu hesabu hiyo ni ya wazi, iko ubaoni, mtu yeyote anaweza kuisoma.

Haugen ni mmoja wa hao thelathini na nane. Stroud pia.

Karatasi ya kumi na mbili, mstari wa saba, ni Verna Tveit. Nilitoa kadi yako, ya mwaka 1972. Ile sahihi ni nzuri mpaka inaudhi, mkia wa mwisho umeuzungusha kama utepe wa zawadi. Nikaiweka kando ya ile ya kwenye karatasi. Haifanani. Hata mtu asiyejua kusoma angesema haifanani. Herufi zimetawanyika, moja iko juu, nyingine imeangukia mstari wa jirani.

Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka kahawa ikapoa. Kisha nikapiga mstari.

Kumsainia mtu mwingine ni kosa la jinai, Verna. Kwa hiyo nauliza mara moja tu. Nani amesaini kwa niaba yako?

Na swali la pili. Imogen hajambo kweli?

Orrin

*

Missoula
2 Juni 2004

Orrin,

Leo salamu ni kwa goti la Darlene tu.

Hakuna aliyenisainia. Nilisaini mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, nimeushika kifundo kwa mkono wa kushoto, nikiwa nimekaa jikoni na watu kumi na watatu wakijifanya wanaangalia dirishani. Ilinichukua muda kuliko kuoka mkate.

Imogen ni mzima kama farasi. Juzi alikuwa juu ya paa anatoa majani kwenye mfereji wa maji. Aliyeanguka bafuni ni mimi. Mwenye kikombe kisichotulia ni mimi. Daktari alinitajia jina la ugonjwa Septemba iliyopita, ndipo nikahamia huku karibu na hospitali. Lefse sikupika kwa sababu siwezi kusukuma. Mara ya mwisho nilijaribu, kijiti cha kusukumia kikaishia kwenye sakafu na unga ukaishia kwa mbwa. Sasa umejua. Sikutaka ujue kwa sababu ungenionea huruma, na huruma yako huwa inakuja na mahubiri.

Na bangi navuta mimi. Ndiyo, dada yako, mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri. Bila hiyo miguu inajikunja kama imefungwa kamba, napiga kelele mpaka majirani wanafunga madirisha. Nikiivuta nalala na asubuhi natembea. Sioni haya. Nimeona haya miezi tisa, nimechoka, zimeisha.

Sasa wewe, karani wa kaunti, hebu fikiri ulichofanya. Umewaambia watu wanaotetemeka kwamba hawahesabiki kwa sababu wanatetemeka. Mzee Haugen alisaini kadi yake alipokuwa na miaka arobaini, mkono unaweza kurusha mpira uwanja mzima. Stroud alisaini kwa mkono ambao sasa unaning'inia tu. Sheria hii tunaitafuta kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya hao hao uliowafuta! Ungebakiza wazima tu watuombee? Mkono wangu umebadilika kwa sababu naumwa, na kwa kuwa naumwa ndiyo maana nimesaini. Ulitaka nisaini kwa mkono wa nani, wa msichana wa mwaka 1972? Yule hakuhitaji kitu.

Hatuachi. Hata kama ni kuleta vitanda mbele ya ofisi yako, tutaleta vitanda.

VERNA

*

OFISI YA KARANI WA UCHAGUZI
KAUNTI YA SORREL
7 Juni 2004

Kwa Bi. Verna Tveit,

Nimepokea barua yako ya tarehe 2. Ofisi hii haitoi ushauri kwa upande wowote wa kampeni. Hata hivyo, kanuni ni za umma, na mwananchi akitaka kuzisoma ana haki. Kanuni ya kumi na nne inasema hivi:

"Mpiga kura ambaye mwandiko wake umebadilika kwa ugonjwa, umri au ajali anaweza wakati wowote kufika mbele ya karani na kujaza kadi mpya. Kadi hiyo ikijazwa kabla ya siku ya kufunga, ndiyo itakayotumika kulinganisha."

Siku ya kufunga ni Ijumaa tarehe 18 Juni, saa kumi na moja jioni. Mlango wa upande wa mashariki hauna ngazi. Viti vya kusubiri ni sita, lakini kanisa liko mkabala na lina vingine arobaini, na funguo anazo Darlene.

Huu si ushauri.

O. Tveit, Karani

Verna, hapa naandika kama Orrin. Nimekaa na hii kalamu siku tatu. Baba hakuacha, na wala hakumwogopa Mungu. Kopo lile nililimwaga mimi. Jumamosi ile mkuu wa polisi alikuwa anakuja kumjulia hali, na mimi nilikuwa nimeapishwa wiki mbili tu. Nilijua kopo lile lina nini tangu siku ya kwanza, nyumba nzima ilinukia. Niliingia chumbani, nikalitoa chini ya kitanda, nikaenda kumwaga chooni. Baba alikuwa macho. Aliniangalia nikienda na aliniangalia nikirudi. Nilidhani atakuambia, nikakaa miaka yote hii nikisubiri unipigie kelele. Kumbe alikuambia "imetosha."



*

Sorrel
20 Juni 2004

Dada Verna,

Najua ulikuwepo Ijumaa. Naandika kwa sababu uliondoka kabla sijatoka nyuma ya kaunta, na kuna mambo hukuyaona.

Saa mbili asubuhi Darlene alikuwa tayari anavusha viti vya kanisa barabarani kwa toroli, na goti lake lile. Nikamwambia, mke wangu, mimi sijakuomba. Akanijibu, "Mimi si mfanyakazi wa kaunti, nipishe." Kwanza akaja Haugen, peke yake, amevaa tai. Nikamuuliza jina kama kanuni inavyotaka. Akasema, "Tveit, nilikufelisha hesabu mara mbili, jina langu unalijua." Akasaini. Dakika tatu. Nililinganisha na karatasi yenu. Zinafanana, Verna. Ni fujo, lakini ni fujo ile ile.

Kisha wakaja kwa pamoja. Mke wa mwenye pampu ya mafuta, ambaye sikujua kabisa kwamba anaumwa. Mganga wa mifugo na vidole vyake vilivyopinda. Wanandoa wale wa mgongo, na kila mmoja akashangaa kumkuta mwenzake kwenye mstari. "Wewe unafanya nini hapa?" "Na wewe je?" Watu wakacheka mpaka mhasibu akafungua mlango wake kuona kuna nini. Stroud alisaini kwa kushoto. Saa nane mjumbe mmoja wa baraza la kaunti akanijia, akaninong'oneza kwamba saa yangu ya chakula cha mchana imeshapita, na kwamba ofisi ikifungwa kidogo hakuna atakayelaumu. Nikamwambia nina njaa lakini nina watu. Aliniambia atanikumbuka mwakani wakati wa bajeti. Nikamwambia jina langu ni rahisi kukumbuka.

Ukaja saa tisa na nusu, na ile fimbo. Sikuwa nimekuona tangu Oktoba. Nikakuuliza jina. Nilikuuliza kwa sababu kanuni inataka. Ukasema kwa sauti ambayo hata nyuma kabisa waliisikia, "Jina langu ndilo hilo hilo lako. Andika."

Hukuniruhusu kukushikia kadi. Niliishika kwa kidole kimoja pembeni na ukanipiga kidole hicho, kama zamani. Ukasaini. Nililinganisha, nikagonga muhuri, nikainua kichwa nikuambie kitu, na wewe tayari ulikuwa mlangoni na Imogen.

Walikuja thelathini na mmoja kati ya wale thelathini na wanane. Nilifuta mistari thelathini na mmoja na kuandika jina langu kando ya kila mmoja, kama kanuni inavyosema. Jumla ni mia nne na tano. Nimepeleka makao makuu ya jimbo.

Hujanijibu kuhusu kopo. Sina haki ya kudai jibu. Nangoja tu.

Orrin

*

[Barua hii imeandikwa kwa mkono, maneno manne au matano kila mstari.]

Missoula
11 Julai

Orrin,

Umeomba mkono. Huu hapa. Soma polepole.

Barua yako niliitupa kwenye kuni. Nikaitoa. Nikaitupa tena. Imogen akaitoa, akaniambia mimi ni mzee sana kwa mchezo huo.

Nimekukasirikia. Sijamaliza. Kama ningejua siku ile ningekuua kwa rula. Angekula wiki nyingine mbili au tatu. Angetaniana na mbwa. Hayo hayarudi, na wewe utakaa nayo.

Lakini Baba alichagua. Alikuwa na pumzi ya maneno mawili, akayatumia kukuficha. Mimi siwezi kukutoa alikokuficha yeye.

Mkono umechoka. Sasa tunatafuta kura.

Verna

*

Sorrel
9 Novemba 2004

Dada Verna,

Natumaini mguu umetulia. Huku baridi imeingia, Darlene ametengeneza jamu ya matunda ya porini mpaka hatuna pa kukanyaga jikoni, na mjumbe wangu wa bajeti ametimiza ahadi: kiti changu kipya kimekataliwa. Nakalia kile cha zamani, kinalia kama paka.

Umesikia matokeo kabla yangu, najua. Nilikuwa chumba cha kuhesabia mpaka mwisho, na mtu wa redio aliposema jambo limepita jimbo zima, Haugen alikuwa amekaa nje kwenye gari lake, akapiga honi. Alipiga muda mrefu hata polisi akaenda kumwangalia. Akamwambia polisi kwamba si yeye, ni mkono wake, unatetemeka.

Bado sisemi nilipiga kura gani. Nitakuambia tu kwamba Darlene aliniangalia nikitoka kwenye kibanda, akanishika mkono mpaka kwenye gari, na hajafanya hivyo tangu mtoto wetu alipoolewa.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kopo la bluu. Nilimwaga kilichokuwemo, kopo sikuweza kulitupa. Limekaa miaka kumi na mitatu kwenye droo yangu ya ofisini, nyuma ya kadi za wapiga kura wa herufi T. Nyuma ya kadi yako. Darlene alidhani ni la vifungo.

Nimeliosha. Kifuniko bado kinabana. Sasa kulijaza si kosa.

Mdogo wako,
Orrin

*

Missoula
12 Desemba 2004

Orrin,

Kopo limefika. Limejaa. Nimeliweka juu ya meza, mahali mgeni yeyote analiona.

Ninakuja nyumbani mwezi wa nne. Waambie ng'ombe.

Kwenye boksi kuna lefse kumi na mbili. Nimezisukuma mwenyewe, siku mbili, Imogen nimemfukuza jikoni. Moja ina tundu, mbili zina pembe, nyingine sijui ni nini. Hazifanani na za Mama hata kidogo.

Thubutu kuzipiga mstari.

Verna